Fundi wa Viti Ajibu: Ngozi Ndani ya Ndege za Simuleta

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja tu, ngozi. Nadhani ni kwa sababu toleo lililopita nilitaja kwamba kabla ya kuhamia kwenye kompyuta nilikuwa nashona viti vya magari na matatu huku Ngara, basi kila anayetengeneza ndege za simuleta, zile programu za kompyuta za kuigiza urushaji wa ndege, ameona hapa pana wa kutwishwa mzigo. Sina kinyongo, nitwisheni. Barua zilizouliza jambo moja nimezijumlisha.

Swali: Shikamoo Fundi. Natengeneza sehemu ya ndani ya Cessna 208 Caravan kwa ajili ya Microsoft Flight Simulator. Nilipata mtandaoni picha nzuri sana ya ngozi nyeusi, nikaivisha viti. Lakini nikiingia ndani ya ndege, viti vinaonekana kama vimemwagiwa mafuta ya kupikia. Nikiondoa mng'ao vinakufa kabisa. Ajabu ni kwamba nikisogea karibu huwa afadhali. Shida iko wapi? — Msomaji, Kayole

Jibu: Marahaba. Shida inaanzia kwenye huo uzuri wa picha. Aliyeipiga alikuwa na taa, na taa ile ikaacha weupe juu ya kila kijibonge cha ngozi na kivuli chini yake. Wewe umeichukua yote kama rangi. Sasa simuleta inapoleta jua lake, linamulika juu ya mwanga mwingine ulioganda ndani ya picha, na mianga hiyo miwili haitoki upande mmoja. Jicho la mtu linang'amua hilo hata kama mwenyewe hawezi kulieleza.

Ramani, yaani picha inayovishwa juu ya umbo la kiti, ziko za aina kadhaa. Ile ya rangi ya ngozi inatakiwa iwe ya kuchosha kuitazama. Ukiifungua peke yake udhani umefungua faili siyo. Ngozi nyeusi isiwe nyeusi ti. Kwenye kipimo cha 0 hadi 255 mimi huiweka kati ya 35 na 50, kwa sababu hakuna ngozi inayomeza mwanga wote, na ukianza na sifuri hutabaki na nafasi ya kuweka giza la mikunjo. Ramani ya metali iwe sifuri kila mahali. Nimeona kazi za watu waliopandisha metali kidogo "ili ing'ae", na matokeo yake ni viti vya bati.

Kazi yenyewe iko kwenye ramani ya mng'ao, ile ambayo nyeusi ni kioo na nyeupe ni kavu kabisa. Kwenye simuleta unayotumia, inakaa katika chaneli ya kijani ya ile picha ya pamoja, inayobeba ramani tatu, kila moja kwenye chaneli yake, yaani tabaka lake la rangi. Nyekundu ni ya vivuli vya mashimoni na buluu ni ya metali. X-Plane, simuleta nyingine, huuweka mng'ao kwenye chaneli ya uwazi ya ramani ya nomali, ile ya vijibonde, tena kinyume: huko nyeupe ndiyo inayong'aa. Ukihamisha kazi kutoka huku kwenda kule usipindue, utapata viti vya mafuta bila kosa lingine lolote.

Ngozi ya kiti iliyopakwa rangi na koti la juu kiwandani mimi huianzia 0.55, ambapo 0 ni nyeusi na 1 ni nyeupe. Pembeni ambako hakuguswi na mtu naipandisha hadi 0.65 au zaidi. Pale kiwiko kinapolala kila siku naishusha mpaka 0.35. Ule mto wa juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, nauweka 0.85 kwenda juu, maana kwenye ndege halisi hufanywa mkavu makusudi ili usijirudie kwenye kioo ukampofusha rubani. Namba zangu unaweza kuzibishia. Usilobishia ni kwamba lazima zitofautiane ndani ya kiti kimoja. Kiti chenye namba moja toka juu hadi chini ni reksini mpya ya dukani, hata uwe umechora kila tundu la kinyweleo.

Hilo la kusogea karibu lina sababu yake. Vijibonde vya ngozi haviko kwenye umbo la kiti. Viko kwenye ramani ya nomali, ile ya rangi ya buluu-zambarau, ambayo inaudanganya mwanga uone mabonde pasipo na bonde. Ujanja huo aliuleta James Blinn mwaka 1978, na alichokuwa akitafuta ni makunyanzi hasa. Ukiwa mbali, simuleta haitumii ramani yako kubwa. Inatumia nakala zake ndogo ndogo, na katika kila nakala pikseli za jirani zimechanganywa zikawa moja. Mteremko unaoelekea kushoto ukichanganywa na unaoelekea kulia, jibu ni bapa. Na bapa yenye mng'ao uleule wa mwanzo ni plastiki. Dawa yake ni kuuhamishia ule ukwaruzaji kwenye ramani ya mng'ao: ongeza 0.05 hadi 0.1 penye vijibonde vingi. Kama programu yako inakuruhusu kuzihariri zile nakala ndogo moja moja, ongeza zaidi kadiri zinavyopungua ukubwa. Halafu kagua kiti ukiwa umesimama mlangoni mwa ndege, siyo pua imegusa mto.

Ukitaka jaribio kali, iweke ndege yako uwanja wa Wilson kwenye njia ya kurukia namba 07, saa kumi na moja jioni. Jua litakuja kutoka nyuma, lipite juu ya mabega ya viti na kuilamba ngozi kwa pembe ya chini. Kama pana uongo, utajitokeza hapo. Saa sita mchana kila kiti ni kizuri.

Swali: Mimi ni mwanafunzi, nina simu ya kawaida na sina pesa ya kununua maktaba za picha. Nawezaje kupiga ngozi halisi mwenyewe ikafaa? — Msomaji, Rongai

Jibu: Nenda Kariokor. Mafundi wa viatu na mikoba pale sokoni wanabakiwa na vipande, na ukiongea nao vizuri utaondoka navyo kwa bei ya chai. Tafuta kipande kipana kuliko sentimita 20 kila upande. Chagua cha ng'ombe. Vinyweleo vya mbuzi hukaa vikundi vikundi kwa mistari, vya ng'ombe vimetawanyika karibu sawasawa, na anayejua ngozi atakushtukia ukimvisha rubani mbuzi. Uliza kama kipande kimetoka mgongoni au tumboni. Ngozi ya mgongo imeshikana na vijibonde vyake ni vya kubana. Ya tumbo imelegea na inakunjika ovyo. Sisi tulikuwa tunakata uso wa kiti kutoka mgongoni na kuficha tumbo mahali pasipoonekana. Chukua vyote viwili, utavihitaji.

Kigeuze kipande utazame nyuma. Ukiona nyuzinyuzi ni ngozi, ukiona kitambaa ni reksini. Usiitupe reksini pia. Mafundi wengi, mimi mmojawapo, huweka ngozi pale mwili unapogusa na kumalizia mgongo wa kiti na pembeni kwa reksini, kwa hiyo modeli yako inahitaji vitu viwili tofauti. Vijibonde vya reksini vimechapwa na rola, vinajirudia. Huko nyuma ya kiti kurudiarudia kwa picha si dhambi, ndivyo ilivyo hasa.

Sasa mwanga. Pita Luthuli kwa mafundi wa simu na runinga, uombe kioo kilichokufa. Ndani ya kila kioo cha aina ya LCD kuna karatasi ya plastiki yenye giza kidogo inayochuja mwanga kwa mwelekeo mmoja. Ibandue polepole, uisafishe gundi, uikate vipande viwili. Kimoja funika taa, kingine funika kamera ya simu. Zungusha cha kamera mpaka weupe wote wa juu ya ngozi upotee. Mwanga uliodunda juu ya ngozi unabaki na mwelekeo wake ndiyo maana unazuiwa. Ule ulioingia ndani ya ngozi ukatawanyika na kutoka tena umeshapoteza mwelekeo, unapita, nao ndio unaobeba rangi. Hiyo ndiyo ramani yako ya rangi, isiyo na taa ya mtu yeyote ndani yake. Kisha zungusha tena upige picha ya pili yenye weupe. Ukiitoa ya kwanza kwenye ya pili, kinachobaki ni mng'ao mtupu, na utaona kwa macho yako ngozi inang'aa wapi na kukauka wapi. Mimi sijaona maktaba ya kulipia inayokufundisha jambo hilo.

Kwa ramani ya nomali, ondoa karatasi zile. Iegemeze simu kwenye rundo la vitabu itazame chini, isitikisike. Zima taa za chumba. Tumia tochi moja, ishushe karibu na meza, upige picha nne: tochi ikiwa kulia, kushoto, juu na chini. Kwenye GIMP au Krita, programu za kuhariri picha, changanya nusu kwa nusu picha ya kulia na ile ya kushoto iliyogeuzwa hasi, uweke kwenye chaneli nyekundu. Fanya vivyo hivyo kwa ya juu na ya chini, uweke kwenye kijani. Buluu ijaze nyeupe. Msingi wa kusoma umbo kwa kubadilisha upande wa taa ulielezwa na Robert Woodham mwaka 1980, na hadi leo unafanya kazi hata kwa tochi ya simu ya mwenzako.

Usisahau rula kando ya kipande. Nimeshaona kiti kizuri sana chenye vijibonde vikubwa kama njugu, na ndege nzima ikaonekana mwanasesere. Bila rula huna njia ya kujua.

Ukimaliza, futa makovu, alama za chawa na kila kitu chenye sura yake. Kipande cha sentimita 20 kitarudiwa mara mbili na nusu kwenye mto wa sentimita 50, na kovu moja likirudi mara mbili kila mtu ataliona. Makovu yachore baadaye kwenye ramani kubwa ya kiti kizima, pale yanapostahili.

Swali: Dada Fundi, mshono nichore au niuunde? Mwenzangu anaunda kila kishono kwa poligoni, mimi naona anajitesa. — Msomaji, Kitengela

Jibu: Anajitesa, lakini ana hoja. Mshono wa sentimita 50 wenye vishono vya milimita 5 una vishono 100, na huo ni mstari mmoja wa kiti kimoja. Hakuna simuleta itakayokushukuru. Unda kishono kimoja cha kweli kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo, kizidishe kando ya mstari wa mshono kwenye modeli nzito, kisha uhamishie umbo lake kwenye ramani za modeli nyepesi.

Kinachonikera mimi ni kwamba watu huchora uzi wakaisahau ngozi. Uzi ukikazwa unazama. Kila sindano ilipoingia pana kitundu na ngozi imevutwa chini kukizunguka. Kati ya kitundu na kitundu inavimba kidogo. Kwenye mshono wa mistari miwili kuna mfereji katikati, vipande viwili vinapokutana, na pande zote mbili pana unene kwa sababu chini yake ngozi imekunjwa. Chora mfereji na unene huo kwanza, bila uzi hata mmoja. Ukifaulu, kiti kitaonekana kimeshonwa tayari. Uzi uje baadaye, ukavu wake 0.8 hivi, ulale mshazari kidogo.

Na konani vishono vifupike. Fundi akifika konani anaachia pedali, anazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, na hatua zinapungua. Aliyenifundisha kazi alikuwa akitazama kona tu anakwambia kiti hiki kimeshonwa na nani.

Tena, unapoipasua modeli ili kuitandaza bapa, pasua palepale fundi alipokata. Kifuniko cha kiti ni vipande bapa vilivyounganishwa. Ukivifuata, ngozi italala bila kuvutika vibaya na mpasuko wako utajificha chini ya mshono. Kila kipande kizungushe nyuzi chache, kila kimoja kwa namna yake. Ngozi ni ghali, hakuna fundi anayekata vipande vyote vikielekea upande mmoja huku mabaki yakienda kapuni.

Swali: Mwanangu, mimi ni fundi wa ndege, nimezeekea Wilson. Mjukuu wangu ananionyesha hizi ndege zenu za kompyuta. Zinapendeza, lakini uchakavu mnaumwaga ovyo, kila mahali sawasawa. Ndege haichakai hivyo. Waambie wenzako. — Mzee, Lang'ata

Jibu: Shikamoo mzee. Nawaambia sasa hivi, na naongeza yangu.

Kuna programu zenye kitufe kimoja cha uchakavu. Ukikibonyeza, kingo zote zinakwaruzika kwa pamoja. Hesabu ya kompyuta inajua pembe iko wapi, haijui nani alikaa. Kabla ya kuchora chochote, jiulizeni mtu anaingiaje.

Kwenye Cessna 172 ya shule, mwanafunzi hukaa kushoto na mwalimu kulia. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anapanda kwa kujiburuta, suruali inasugua ukingo wa nje wa mto wa kushoto, basi ukingo ule ndio unaokufa mwanzo: koti la juu linaisha, vijibonde vinalala, mng'ao unapanda, kisha rangi inapasuka. Ukingo wa ndani wa kiti hichohicho unaweza kuwa mpya. Kwenye Caravan, dari ni fupi, mtu mzima hasimami wima, kwa hiyo abiria wanaopita katikati wanashika vichwa vya viti. Weka mafuta ya mikono hapo juu, upande wa njia, wala siyo upande wa dirisha. Upande wa dirisha una jua. Hapo rangi inapauka na ukavu unapanda, hakuna kusuguliwa.

Vumbi nalo. Ndege inayoshinda kwenye viwanja vya murram kule Mara ina vumbi jekundu, na vumbi hilo halikai juu ya mto kwa sababu makalio ya watu yanalifuta. Linakaa kwenye mifereji ya mishono, chini ya mkanda, na kwenye pembe ya mto na mgongo wa kiti. Ukavu wake ni 0.9 na zaidi. Halafu anakuja kijana wa usafi na kitambaa kibichi. Yeye anasugua katikati ya kipande, hafiki mshononi. Katikati panang'aa, uchafu unasukumwa pembezoni na kukauka kwa mstari. Mstari ule mdogo wa uchafu sentimita moja kutoka kwenye uzi ndio ninaoupenda kuliko chochote katika kazi hii. Ukiuweka, watu husema kiti ni cha kweli bila kujua kwa nini.

Mikunjo hukata upande ule ngozi inakobanwa. Mtu akikaa, mto unabanwa kuelekea mgongo wa kiti, kwa hiyo mikunjo ya pale inalala kukingama, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye kona za mbele inatawanyika kutoka mshononi. Mzee, mjukuu wako akikuonyesha mikunjo inayokwenda kila upande, una ruhusa yangu ya kumcheka.

Swali: Shangazi, nifanye ramani zote za pikseli 4096? Kompyuta yangu inalia. — Msomaji, Umoja

Jibu: Shangazi ni yule wa mambo ya mapenzi kwenye gazeti. Hapa ni fundi, na jibu ni hapana.

Ramani moja ya 4096 kwa 4096 isiyobanwa ni megabaiti 64. Ikibanwa kwa BC7, mbinu ya kubana picha za michezo, inabaki 16, na zile nakala ndogo za mbali zinaongeza theluthi, jumla kama 21. Ukiwa na ramani ya rangi, ya nomali na ya pamoja, hizo ni karibu 64 kwa kundi moja la vitu. Ya 2048 inakula robo yake. Na bado hujapata unachokitafuta: mita moja ya kiti ikitandazwa kwenye pikseli 2048, kila pikseli ni karibu nusu milimita, na kijibonde cha milimita moja kinapata pikseli mbili tu. Hakionekani hata ukilia pamoja na kompyuta.

Gawanya kazi. Ramani kubwa ya 2048 ibebe mikunjo, uchakavu, uchafu na vivuli. Kipande kidogo cha 1024 kinachojirudia kila sentimita 20 kibebe vijibonde. Hapo kila milimita ina pikseli tano. Simuleta ya Microsoft ina nafasi maalumu ya ramani za kina katika mipangilio ya nyenzo, zitumie. Na tazama rubani anaona nini akiwa amekaa. Kiti chake mwenyewe hakioni. Anaona mto wa dashibodi, usukani, egemeo la mkono, na kiti cha jirani. Huko ndiko kwa kumwaga pikseli. Viti vya nyuma kabisa vipe 1024 na ulale usingizi.

Swali: Fundi, nina mradi wa Gipsy Moth, ile ndege ndogo ya zamani, ya siku za Wilson Airways. Ngozi ya ukingo wa chumba cha rubani niifanyeje? Nikitumia ngozi yangu ya Caravan haikubali. — Msomaji, Nyeri

Jibu: Haikubali kwa sababu ni mnyama yuleyule aliyepitia mikono tofauti. Ngozi ya viti vya sasa kwa kawaida imelainishwa kwa kromu, ikapakwa rangi juu, ikafungwa na koti. Ikichakaa, rangi inatoka, na chini yake unaona weupe wa kijivu-buluu kama haikutiwa rangi hadi ndani. Mpasuko wake uchore hivyo: mwembamba, ukipauka kuliko uso.

Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways hapa Nairobi mwaka 1929, kromu ilikuwa imeshajulikana tangu mwisho wa karne ya 19, lakini ngozi ya kudabighiwa kwa magome ilikuwa bado kila mahali. Wewe wa Nyeri unaujua muwati, ule mti wa magome uliopandwa huko kwenu na Uasin Gishu kwa ajili ya viwanda vya Thika na Eldoret. Ngozi ya magome huchakaa kinyume kabisa. Rangi imeingia hadi ndani, haina koti nene. Jua na mafuta ya mikono yanaitia giza, na panaposhikwa sana panakuwa peusi na laini, 0.3 au chini kidogo. Kwa hiyo kwenye Caravan uchakavu ni mwanga, kwenye Moth yako uchakavu ni giza. Ukigeuza hilo moja tu, nusu ya kazi imekwisha.

Halafu ni ndege ya wazi, inanyeshewa. Tone la maji likikauka kwenye ngozi ya magome linaacha duara lenye ukingo mweusi. Weka machache, upande wa juu, siyo mengi hadi ndege ionekane ina ugonjwa. Pale rubani anapoweka mikono ajipandishe, futa maduara yote.

Swali: Kuna tovuti za kutengeneza picha ya ngozi kwa kuandika maneno tu. Kwa nini nijisumbue na Kariokor? — Msomaji, South B

Jibu: Usijisumbue kama unataka zulia la ngozi lisilokaliwa na mtu. Kwa vijibonde vya msingi zinafaa, na tovuti za Poly Haven na ambientCG zinatoa bure kabisa ramani kamili zisizo na masharti ya hakimiliki. Hata Blender yenyewe, ukichukua Voronoi, ule mchoro wa vyumba vyumba, ya umbali hadi ukingo na kuitikisa kwa kelele kidogo, yaani mchoro wa ovyo ovyo, inakupa vijibonde vinavyokubalika. Lakini nani kakaa kwenye kiti chako, na mkono upi, hakuna tovuti inayojua. Sehemu hiyo utaichora wewe.

Swali: Mikunjo yangu yote imegeuka matuta, na mishono imevimba juu badala ya kuzama. Nimezungusha modeli, nimegeuza nyuso, wapi. — Msomaji, Donholm

Jibu: Acha kuzungusha modeli. Kuna mila mbili za ramani ya nomali, ya OpenGL na ya DirectX, na zinatofautiana kwenye chaneli ya kijani tu. Fungua ramani, geuza kijani hasi, nyekundu na buluu usiziguse, hifadhi. Ukiwa Blender hakikisha pia ramani hiyo na ile ya mng'ao zimewekwa kuwa data isiyo rangi, la sivyo namba zitapotoshwa hata kijani kikiwa sawa.